Nafasi Kando ya Selmer

Usiku ule Ardis hakuvua hata soksi. Alikaa jikoni, simu mezani mbele yake, akisikiliza upepo ukiibamiza theluji ukutani. Baba yake, mzee Selmer, anaishi peke yake kwenye shamba lililo ng'ambo ya kijito, na tangu asubuhi simu yake ilikuwa ikiita tu bila kupokelewa. Barabara ilikuwa imefungwa. Gari la kukwangua theluji lisingetoka mpaka upepo utulie. Delmar, jirani wa mzee, ndiye aliyekubali kuwasha trekta lake aende kuchungulia, na Ardis alikuwa akingoja neno lake.

Lowell, mumewe, alishamsihi aende kulala. Mzee kaishi Dakota ya Kaskazini tangu azaliwe, alisema, theluji inamjua kwa jina. Ardis hakucheka. Yeye ni mtu wa kuyaona mabaya kabla hayajafika. Binti yao Thea akichelewa kujibu ujumbe kutoka chuoni, mama yake ameshaliona gari limepinduka mtaroni, ameshaiona mpaka rangi ya blanketi alilofunikwa. Usiku huo alikuwa akimwona baba yake ameanguka kati ya nyumba na zizi, kofia imepeperuka. Lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, na hiyo ndiyo iliyomkereketa zaidi. Asubuhi ya siku ile alikuwa ameambiwa kwamba baba yake ameikataa picha aliyompiga.

Simu ilipolia aliinyakua kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mzima," Delmar alisema, akihema. "Yuko zizini, ng'ombe anazaa. Kanifukuza. Kasema naingiza baridi."

"Ulimwambia ni mimi niliyekutuma?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Delmar alikohoa. "Kasema simu kaisikia."

Lowell alifurahi, akamwambia si unaona, akapanda kulala. Ardis alibaki pale pale. Baba yake alikuwa hai, masikio yake yalikuwa mazima, na hakutaka kusema naye.

Mtu asiyemjua Ardis anaweza kudhani mambo ya picha ni ya kupitisha wakati tu. Kazi yake hasa ni mpishi wa shule ya Hallen, mji wetu mdogo. Wanafunzi wanamjua kwa macho yake, maana haachi kuwaangalia. Ndiye anayejua ni nani amekuja bila glavu, nani anakula upesi mno kana kwamba nyumbani hakuna kitu, nani amegombana na nani kwa jinsi wanavyochagua viti. Masomo yenyewe aliyamaliza kwa kusukumwa. Kamera alinunuliwa na Lowell mwaka aliozaliwa Thea, kwa kuwa alikuwa akiamka kila mara kwenda kuangalia kama mtoto anapumua. Lowell aliona bora apewe kitu cha kuangalia mchana, ili usiku alale.

Hakulala, lakini alijifunza. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kukosea, na kwa watu wa Hallen kumwambia amekosea wapi. Mwaka wa ukame alipiga picha ya shamba la Delmar akiwa amesimama barabarani, akaipa mbingu nafasi kubwa na ardhi akaibakizia ukanda mwembamba chini. Delmar alipoiona alisema, "Ardis, umenifanya fukara. Nina ekari zote hizi, wewe umenipa kamba ya viatu." Ardis akarudi, akapanda juu ya trela, akainamisha kamera mpaka ngano ikajaa picha nzima na mbingu ikabaki kama upindo wa shuka. Shamba lilikuwa lile lile na ukame ule ule. Picha ya pili Delmar aliitundika sebuleni.

Siku nyingine, kwenye harusi, alimlenga bibi harusi mlangoni mwa kanisa, lakini mkono uliteleza na ukali wa picha ukamwangukia bibi yake mzaa mama aliyekuwa nyuma, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, anafuta miwani. Bibi harusi akatoka kama moshi mweupe. Mama wa bibi harusi alikasirika, akauliza kama harusi ilikuwa ya nani. Bibi harusi mwenyewe aliitazama mara ya pili, kisha akasema hiyo ndiyo anayoitaka kubwa, maana siku nzima hakupata hata dakika ya kumwangalia bibi yake. Ardis akafahamu kwamba unapolenga kitu unawaambia watu wahuzunike kwa ajili ya nani, au wamfurahie nani, hata kama wote wamesimama mahali pamoja.

Kwa tabia yake hupenda kusogea karibu. Hupunguza vitu vya pembeni mpaka uso ujae picha, akayalenga macho, akahakikisha hakuna kope iliyofifia. Kwake yeye kitu chochote kilichobaki pembeni ni mahali ambapo hatari inaweza kuingilia. Na watu wanazipenda picha zake kwa hilo hilo, maana hakuna anayepotea ndani yake.

Ndiyo maana kanisa letu la Kilutheri lilipotaka kutengeneza kitabu kipya cha picha za washarika, halikuita mpiga picha wa mjini. Kitabu hiki kila nyumba inacho, kwenye droo iliyo chini ya simu. Kila familia ina picha yake na majina chini. Ukurasa wa mwisho una majina matupu ya wale ambao hawakupigwa picha, na huo ndio watu wanaoufungua kwanza. Wanataka kujua nani amesusa, nani amegombana na mchungaji, nani mambo ya nyumbani kwake hayako sawa. Hakuna atakayesema lolote kwa sauti, lakini kahawa ya baada ya ibada itanyweka taratibu zaidi.

Ardis alitandika kitambaa cha rangi ya majivu kwenye chumba cha chini cha kanisa, akaweka benchi mbele yake, na familia zikaja moja moja zikiwa zimechanwa nywele. Kwa wajane alikuwa na desturi yake mwenyewe. Aliwasogelea sana. Akipiga kutoka mbali, alisema, benchi litaonekana, na kila anayefunua ukurasa ataona pengo kabla ya kumwona mtu. Akiwa karibu, pengo halina pa kukaa. Wajane kadhaa walimshukuru, wakasema wametoka wachangamfu.

Mama yake Ardis, Borghild, alifariki wakati wa mavuno. Selmer alizika, akarudi shambani, akamaliza kuvuna alizeti. Hakuna aliyemwona akilia, na kwetu hiyo huhesabiwa kuwa ushujaa. Zamu yake ya picha ilipofika alikuja na koti lake la kanisani na tai iliyokazwa mpaka shingo imekuwa nyekundu. Akaketi ukingoni mwa benchi, mikono juu ya magoti.

Ardis alitazama kwenye kamera. Lile benchi tupu kando ya baba yake lilionekana refu kama barabara.

"Baba, sogea katikati."

Mzee hakusogea. Akauliza hapo alipo pana ubaya gani.

"Umekaa kama mtu anayesubiri basi. Sogea, Baba. Katikati hapo."

Akasogea. Ardis akaja karibu, akaujaza uso wake, akayalenga macho, akapiga. Alipomwonyesha, Selmer alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akasema si mbaya. Kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo, hivyo Ardis alifunga kamera akiwa ameridhika. Alipomnyoosha ukosi wa koti, mzee alijiondoa polepole na kusema ng'ombe wanamngoja.

Halafu ikaja ile asubuhi ya siku ya dhoruba. Ione, karani wa kanisa, alimpigia simu shuleni, akamkuta anakoroga sufuria la viazi. Ione ni rafiki yake tangu utotoni na habari mbaya huzianzia mbali. Akaulizia Thea, akaulizia mgongo wa Lowell, mpaka Ardis akamwambia, "Shoga, sema. Viazi vinaungua."

"Baba yako kapita ofisini. Anataka picha yake itolewe."

"Itolewe iende wapi?"

"Awekwe ukurasa wa mwisho. Jina tu."

Ardis aliweka mwiko chini. Akauliza kama mzee alitoa sababu. Ione alisema hakutoa, alisimama tu ameshika kofia, akasema mtu aliye kwenye picha ile hamjui. Kisha akaulizia bei ya petroli na kuondoka. Ione aliongeza kwamba kitabu kinakwenda kwa mchapaji Jumatatu, na baada ya hapo hata askofu hawezi kukibadilisha.

"Watasema amenisusa," Ardis alisema.

"Watasema. Na mimi nitawaambia wanywe kahawa yao."

Kutwa nzima baada ya simu hiyo alimpigia baba yake bila kupokelewa, na jioni ikaleta upepo.

Jumamosi barabara ilikuwa bado imefungwa. Ardis aliifungua ile picha kwenye kompyuta akaitafuta kasoro. Hakuiona. Mwanga ulikuwa laini, macho yalikuwa makali, mikunjo ya shavu ungeweza kuihesabu. Nyuma yake kile kitambaa kilikuwa kimefifia kabisa, hakuna kitu kinachosumbua jicho. Alimwita Lowell atazame.

Lowell alikuja na kipande cha mkate mkononi, akainama. "Imetoka safi," akasema. "Kama ile ya leseni ya kuendesha gari."

"Ndiyo sifa hiyo?"

"Mke wangu, mimi najua nini? Namwona mzee tu. Hana pa kwenda wala anakotoka."

Ardis alimjibu kwamba mtu anayeonekana akijikwaa kizingitini kwenye picha ya harusi yake mwenyewe asimfundishe picha. Lakini maneno ya Lowell hayakumtoka kichwani. Usiku alijigeuza kitandani akijiuliza kama baba yake anamwona yeye kama mtu aliyemfanyia jambo, na jambo lenyewe ni lipi. Kuliko kukasirikiwa, alichoogopa ni kwamba mzee hatasema kamwe. Selmer anaweza kukaa na neno mpaka linakuwa sehemu ya nyumba, kama kabati ambalo watu wanalizunguka bila kuuliza kwa nini liko pale. Ndugu yake mmoja alinyamaziwa hivyo mpaka akafa, na mpaka leo hakuna anayejua chanzo.

Jumapili kulikucha kweupe na barabara zikafunguliwa. Mjukuu wa Delmar alikuwa anabatizwa, na Ardis alikuwa ameombwa apige picha kutoka roshani ya kwaya, ili mtoto, mchungaji na ukoo mzima waonekane pamoja. Alipanda ngazi mapema. Chini watu walikuwa wakiingia na kwenda kila mmoja mahali pake, bila kuangalia, kama ng'ombe wanavyozijua hori zao. Hakuna jina lililoandikwa kwenye benchi lolote la kanisa letu, na hakuna asiyejua lipi ni la nani.

Selmer aliingia, akaketi mwisho wa benchi, upande wa njia. Ardis alikuwa hajawahi kumtazama kutoka juu. Siku zote huketi mbele zaidi na Lowell, akampa mgongo. Sasa aliona kwamba kati ya baba yake na familia iliyofuata kwenye benchi lile palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Haikuwa kubwa. Ilikuwa ya upana wa Borghild, na koti lake la baridi, na mkoba. Kanisa lilikuwa linajaa kwa ajili ya ubatizo, watu walikuwa wamebanana mpaka nyuma, na nafasi ile ilibaki. Mgeni mmoja, mjomba wa mtoto kutoka mjini, aliiona akaanza kuinama apite. Ione, aliyekuwa benchi la nyuma, alimgusa mkono wa koti, akamwonyesha kiti cha kukunja kando ya ukuta. Mgeni akaenda. Selmer hakugeuka, lakini mabega yake yalishuka.

Ardis aliinua kamera. Hakutaka kupiga, alitaka tu kuona vizuri. Akaivuta lenzi mpaka kichwa cha baba yake kikajaa ndani, kile kichogo chake cheupe na mstari wa kofia. Ndani ya kamera alikuwa mzee mpweke. Kisha akairudisha lenzi nyuma polepole, ile nafasi ikaingia, na baba yake akawa mume wa mtu. Akaivuta tena, akarudisha tena, kama asiyeamini. Kila alipokata nafasi ile, mama yake alikufa upya. Kila alipoiacha, mama alikuwa ametoka kidogo tu, labda kwenda kumwangalia mtoto anayelia.

Hapo akajisikia akisema, sogea katikati, Baba. Akajisikia kwa sauti ile ile aliyoitumia, sauti ya mpishi anayepanga foleni. Alikuwa amemtoa mzee mahali alipokaa maisha yake yote ya ndoa, akamweka pahali pa wawili, akamwambia ajaze.

Mtoto alibatizwa akapiga kelele, Ardis akapiga picha zilizotakiwa, na mikono yake ikafanya kazi bila yeye. Aliposhuka baba yake alikuwa ameshaondoka bila kunywa kahawa. Ione alimwona alivyokuwa, akamfungia andazi kwenye kitambaa cha karatasi, akamwambia Jumatatu asubuhi ataifungua ofisi mapema, ila isizidi hapo.

Ardis aliendesha mwenyewe mpaka shambani. Lowell alitaka kumsindikiza, akamkatalia. Theluji ilikuwa imepanda mpaka madirishani upande wa kaskazini, na moshi wa nyumba ulikuwa unapanda wima. Alizunguka nyuma, kama kila mtu anavyozunguka, maana mlango wa mbele kwetu ni wa mchungaji na wa majeneza. Mlango wa nyuma wa Selmer haufungwi. Watu huingia, wanapiga kelele za kukung'uta viatu, na hiyo ndiyo hodi. Ardis alishika kitasa akasukuma, na mlango haukwenda. Alisukuma tena kwa bega. Komeo lilikuwa limewekwa kwa ndani.

Hakuwahi kuukuta umefungwa hata mara moja tangu azaliwe. Alisimama pale mvuke ukimtoka mdomoni, akabisha kama mgeni.

Ndani kiti kilikwaruza sakafu. Nyayo zikaja, zikasimama.

"Nani?"

Mzee alikuwa ameliona gari, dirisha la jikoni linatazama njia. "Mimi."

"Mimi wengi."

"Ardis. Baba, ni baridi huku."

"Si umekuja mwenyewe."

Ardis aliegemeza paji la uso kwenye mbao. Njiani alikuwa amepanga maneno mengi, ya kueleza, kuhusu kitambaa na mwanga na wajane wengine walivyoshukuru. Yote yalikimbia.

"Nilikwambia usogee katikati," akasema.

Komeo halikusogea.

"Sikupaswa. Ulikuwa umekaa mahali pako."

Upande wa pili ubao wa sakafu ulilia. Kisha sauti ikatoka karibu sana, kama na yeye alikuwa ameegemea mlango ule ule.

"Sikio lake moja lilikuwa bovu," Selmer alisema. "Hukujua hilo. Hakupenda watu wajue. Mimi nilikaa upande anaosikia."

"Sikujua, Baba."

"Mahubiri yalimpita. Mimi nikawa namwambia tukifika kwenye gari."

Ardis alisema alidhani akiliacha benchi lionekane, watu watahuzunika wakifungua kitabu.

"Watu gani? Aliyefiwa ni mimi."

"Na mimi," Ardis alisema.

Hilo lilikuwa halijasemwa baina yao tangu mavuno. Liligonga mlango likakaa. Ardis alisikia pumzi ya baba yake, ikivutwa na kuzuiwa, ikivutwa na kuzuiwa. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yamemgandia kwenye kope na hakuyafuta. Akasema kwamba anataka kumpiga upya, hapa nyumbani, popote anapopenda kukaa. Atasimama mbali. Hatamwambia asogee. Na kama hataki, basi, jina lake litakaa ukurasa wa mwisho na Ardis atawajibu watu mwenyewe.

"Utasimama mbali kiasi gani?"

"Mpaka mama aenee."

"Ile kamera yako umekuja nayo, au umekuja kuongea tu?"

"Ninayo."

"Mwanga wa sebuleni unaondoka mapema siku hizi," Selmer akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia nyasi. "Ukiendelea kusimama huko utapiga picha ya giza."

Komeo lilivutwa. Liligoma kwanza, kwa kuwa halijazoea, akalipiga kwa kiganja mara mbili, likatoka. Mlango ukafunguka, joto la jikoni likamjia Ardis usoni. Baba yake alikuwa amesimama kizingitini, nywele zimechanwa kwa maji, koti la kanisani na tai bado mwilini, yeye ambaye kila Jumapili huvua vyote kabla gari halijapoa. Akamtazama binti yake, akarudi nyuma hatua moja, akamshikilia mlango apite.